Sare ya shule ya zamani: tuitupe, tuipunguze au tuiache ilivyo?

Mzazi_Ahero aliuliza:

Hamjambo wote. Kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi ya umma huku tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, wanafunzi 540 tukihesabu na wa Gredi ya 7 hadi 9, imepewa kazi ya kuishauri bodi kuhusu sare kabla shule hazijafunguliwa. Orodha ya sasa ndiyo ile ya tangu jadi: shati jeupe la mikono mirefu, tai ya mistari, sweta ya damu ya mzee yenye mistari miwili ya dhahabu shingoni na mikononi, kaptura ya kijivu, rinda la kijivu lenye marinda kiuno kizima, soksi ndefu zenye mistari kama ya sweta, viatu vyeusi vya ngozi. Wa Gredi ya 7 kwenda juu wameongezewa koti lenye nembo mfukoni. Vyote vinauzwa duka moja tu mjini.

Wazazi wamegawanyika. Wapo wanaotaka sare iondolewe kabisa, mtoto avae nguo safi ya nyumbani. Wapo wasiotaka uguswe hata uzi mmoja. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: kuna sababu ya maana ya watoto kuendelea kuvaa sare? Na kama ipo, kipi kitoke, kipi kibaki, na tuandike nini ili fundi yeyote aweze kushona bila mtoto kurudishwa nyumbani eti rangi imepishana? Nipeni vipimo. Hisia tunazo za kutosha mkutanoni.

FundiCherehani (Kibuye, Kisumu):

Shida yenu si sare, shida yenu ni mistari.

Sweta wazi, yaani isiyo na mistari, ya damu ya mzee inafumwa na kila mwenye mashine kuanzia Kisumu hadi Nakuru, na mara nyingi iko tayari dukani. Mkishaweka mistari miwili ya dhahabu, utepe wa shingo unafumwa peke yake kwa nyuzi mbili za rangi, halafu unaunganishwa na mwili tundu kwa tundu. Mashine inapangwa upya kwa kila saizi. Hakuna atakayekubali kazi hiyo kwa sweta tatu, anataka oda ya mamia. Ndiyo maana mko na duka moja, na duka likijua liko peke yake, bei inapanga lenyewe. Soksi ni hadithi hiyo hiyo. Ondoeni mistari na nusu ya ugomvi wenu imekwisha.

Sasa rinda. Marinda ya kuzunguka kiuno kizima yanakula kitambaa mara tatu ya kiuno. Msichana wa kiuno cha inchi 24 anahitaji inchi 72 za upana kabla hata hujaongeza mishono. Kitambaa cha sare kina upana wa sentimita 150, yaani inchi 59. Hakitoshi, kwa hiyo unakata vipande viwili vya urefu na kuviunga. Sketi ya inchi 22 pamoja na upindo na mshipi inakula karibu mita 1.4, na hapo hujagusa sehemu ya juu ya rinda. Sketi ya vipande vinne vinavyopanuka kuelekea chini, yenye mkunjo mmoja mbele na mmoja nyuma ili mtoto aweze kukimbia, inatoka kwenye mita 0.75. Karibu nusu ya kitambaa. Halafu kuna pasi: marinda ishirini kwa pasi ya makaa kila Jumapili jioni ni adhabu, na poliesta ikiguswa na pasi iliyozidi moto inang'aa milele.

Shati: mikono mifupi, basi. Kwa mtoto wa kifua cha inchi 28, kitambaa cha upana wa sentimita 115, mikono mirefu ni mita 1.4 na mifupi ni mita 1.1. Mikono mirefu huanza kuchakaa kwenye kikofi, yaani mwisho wa mkono, mahali mtoto anapofutia mdomo na ubao.

Kaptura haifi kwa sababu ya kitambaa, inafia kwenye mshono wa makalio. Mshono ule umepinda, mtoto akichuchumaa unavutwa. Fundi mwenye haraka anapiga mshono mmoja wa hatua ndefu na kuacha robo inchi ya kitambaa ndani. Dai mishono miwili, mmoja juu ya mwingine, hatua 10 hadi 12 kwa inchi, ovaloki (mshono wa kuzuia nyuzi kuchomoka) pembeni, na nyuma katikati iachwe inchi nzima ndani ili kiuno kiweze kupanuliwa mwaka ujao. Mdomo wa mfuko upigwe mshono wa kurudia mara tatu kila upande, maana mifuko ya wavulana hubeba gololi, mawe na mambo mengine ambayo hatuulizi. Kiuno cha nyuma kiwe cha mpira. Zipu kwa mtoto wa Gredi ya 2 ni kumtafutia aibu tu.

Upindo wa sketi na suruali usipungue inchi 3. Ukiushusha baada ya mwaka utaona alama ya zamani. Paka maji yaliyochanganywa na siki nusu kwa nusu, piga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu. Alama ya kukunja inatoka. Mstari uliopauka hautoki, huo ufunike kwa mshono mmoja wa juu.

Mwl. Molo:

Naunga mkono fundi, ila naongeza jambo ambalo orodha nyingi za sare hulisahau: urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kisumu iko karibu mita 1,130. Nakuru mjini ni karibu 1,850. Molo tuko karibu 2,500, na asubuhi ya Julai watoto huku wanafika darasani mikono imekufa ganzi. Hapa sweta ni ya lazima, tena nzito, na suruali ndefu hata kwa mvulana wa Gredi ya 1. Ahero, jua la saa saba mchana ni nyuzi 29 au 30, sweta na tai ni vazi la kumtoa mtoto jasho kwenye somo la hesabu. Orodha moja haiwezi kufaa Molo na Kano. Nadhani shule nyingi za tambarare zilinakili tu orodha za shule za milimani, nazo zilinakili za Waingereza.

Kwa hiyo kwenu: sweta iwe hiari kabisa, ivaliwe asubuhi na msimu wa mvua, mwalimu asimwulize mtoto aliyeivua. Tai iondoke. Koti la Gredi ya 7 liondoke pia, maana mtoto wa umri ule hulivaa mwaka mmoja tu, mabega yanabana, na si nguo ya kufuliwa na kila mtu nyumbani. Ndani lina kitambaa kigumu cha gundi ambacho kikiloweshwa vibaya kinavimba mapovu kifuani.

Kuondoa sare yenyewe, hapana. Nguo ya nyumbani si moja. Mtoto mwenye nguo mbili atavaa zile mbili kila siku na darasa zima litazihesabu. Na kuna mambo ya kazi: unapovusha watoto 45 barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, rangi moja ndiyo inakusaidia kuhesabu.

Nyanya_wa_Mumias:

Mwalimu, kuhesabu watoto kunahitaji vesti moja ya manjano kwa kila mtoto siku ya safari. Hakuhitaji sweta, tai na soksi mwaka mzima.

Mimi niko upande wa wanaotaka iondoke, angalau Gredi ya 1 hadi 3. Ada ya masomo shule za msingi za umma iliondolewa 2003. Sare ikabaki juu ya mzazi, na kwa nyumba nyingi huku ndiyo mlango wenyewe wa shule. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika katika shule 328 za magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka huo wa 2003. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi walipewa sare bure. Wasichana walioacha shule wakapungua, mimba na ndoa za mapema zikapungua. Sare tu! Hakuna aliyewajengea darasa. Sasa ikiwa kumwondolea mzazi gharama ya sare kunambakiza msichana shuleni, njia rahisi ya kumwondolea gharama hiyo ni ipi? Ujerumani hawana sare na watoto wanasoma.

Jambo la pili. Mumias tuna Waislamu wengi tangu zamani, na Nakuru kuna Waakorino, waumini wa Kikristo wanaovaa vilemba. Orodha isiyosema lolote kuhusu kichwa huleta kesi. Mahakama ya Rufaa ilikubali hijabu shuleni 2016, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi, na wazazi wakabaki wanauliza. Bodi isingoje mahakama. Iandike: kitambaa cha kichwa kinaruhusiwa, cheupe au cha rangi ya sketi, kisicho na pambo. Sentensi moja.

Mwl. Molo:

Hoja ya kichwani nimeikubali yote, Nyanya. Ya utafiti naikubali nusu. Wale wasichana walipewa sare mahali ambapo kila mtoto alitarajiwa kuwa nayo. Hatujui kutokana na hapo kingetokea nini kama sare ingefutwa kwa wote, hilo halikupimwa. Kilichopimwa ni kwamba bei ikishuka hadi sifuri, msichana anabaki. Basi tushushe bei.

MwekaHazina_Kakamega:

Nazungumzia upande wa bodi, maana hapo ndipo mipango mizuri hufia.

Kwanza, msimwandikie mzazi jina la duka. Mamlaka ya Ushindani imewahi kuzionya shule kuhusu kuwalazimisha wazazi kununua kwa muuzaji mmoja, na mzazi yeyote anaweza kupeleka malalamiko. Shule itoe maelezo ya nguo, isitoe anwani. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya sweta: Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Soksi haimo. Hata Uingereza, kulikotoka tai hiyo, Bunge lilipitisha sheria 2021 ya kuzibana shule kuhusu gharama za sare, na mwongozo wake unataka vitu vyenye nembo viwe vichache iwezekanavyo. Sisi ndio tumebaki tukiwa Waingereza zaidi.

Pili, karatasi ya maelezo iwe ukurasa mmoja. Iseme aina ya kitambaa na uzito wake, rangi, umbo la nguo, upindo, mahali pa nembo. Kisha, na hili ndilo watu hulipuuza, kipande halisi cha kitambaa cha sentimita 10 kwa 10 kibanwe kwenye karatasi hiyo. Neno "kijivu" lina maana kumi dukani. Kipande kina maana moja. Kateni vipande 60, vigawiwe kwa mafundi wa Ahero, Awasi na Kibuye. Viwili vibaki kwenye faili ya shule.

Tatu, mabadiliko yasiwe ya siku moja. Mkisema "kuanzia muhula ujao wote wavae mpya", mmemwongezea mzazi wa watoto wanne mzigo kuliko ule mliotaka kumpunguzia. Anzeni na wanaoingia Gredi ya 1, ya 4 na ya 7. Wengine wavae walizonazo mpaka zitakapowabana. Kwa miaka mitatu mtaona mseto uwanjani. Mwalimu mkuu avumilie. Andikeni hilo kwenye kumbukumbu za mkutano kwa maneno haya haya: sare ya zamani inakubalika, hakuna atakayeadhibiwa. La sivyo mwalimu wa zamu atakuja na kanuni yake.

Kuhusu kuondoa sare madarasa ya chini: inawezekana, lakini uliza wazazi wa mapacha na wa watoto wanaofuatana. Sare inarithiwa. Wekeni siku moja mwisho wa muhula wa tatu ya kubadilishana, nguo zilizofuliwa, zipangwe kwa inchi za kifua wala si kwa umri, maana watoto wawili wa miaka tisa wanaweza kupishana inchi nne.

Uzi_na_Sindano (Nakuru):

Kwenye sweta niongeze, kwa vile ndiyo kazi inayofanyika sana huku.

Karibu sweta zote za shule sasa ni za akriliki, si za manyoya ya kondoo. Si mbaya: haziliwi na nondo, zinakauka haraka, rangi inashika. Zinaharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni pasi. Akriliki ikipigwa pasi ya moto inalegea, inalala kama kitambaa cha kufutia meza, na hairudi tena katika hali yake. Sweta haipigwi pasi, mwisho. La pili ni kuanikwa kwa mabega ikiwa imelowa. Maji yanashuka chini na kuivuta, wiki ya tatu sweta ya Gredi ya 3 inafika magotini. Kamua kwa kuibana ndani ya taulo, laza kwenye mkeka kivulini, ndani nje.

Ukinunua, usiangalie rangi kwanza. Vuta ribu (ukingo unaovutika) ya kiuno kwa mikono miwili na uiachie. Isiporudi pale pale, iache dukani. Kisha inyoshe mbele ya dirisha: ukiona mwanga mwingi, imefumwa kwa kulegeza ili kuokoa uzi, na viwiko vitatoboka muhula wa kwanza. Sugua sehemu ndogo kwa kidole gumba mara thelathini. Uzi mbaya unaanza kutoa vitonge hapo hapo. Sweta ya mtoto wa kifua cha inchi 28 yenye gramu 250 hadi 300 inafaa Molo. Kwa Ahero chukua isiyo na mikono, nyepesi, ndiyo ya kutosha hata mwezi wa saba.

Mzazi_Ahero:

Asanteni sana, na Nyanya shikamoo, hoja ya kitambaa cha kichwa naipeleka kama ilivyo. Nafikiri naenda mkutanoni na hivi: shati la mikono mifupi, kaptura au sketi ya vipande vinne, soksi fupi za rangi yoyote moja, sweta wazi ya hiari. Tai, koti na mistari vinaondoka. Wasichana wanaotaka suruali waruhusiwe. Gredi ya 1 hadi 3 bado tutabishana.

Yamebaki matatu. Kitambaa gani hasa? Viatu tufanyeje, kwa udongo wetu mweusi ambao mvua ikinyesha unang'oa hata soli? Na wazee wanataka nembo ibaki. Tufanyeje isiwarudishe wazazi kwenye duka lile lile?

FundiCherehani (Kibuye, Kisumu):

Kitambaa: shati, poliesta 65 na pamba 35, karibu gramu 110 hadi 120 kwa mita mraba. Chini, mchanganyiko huo huo lakini gramu 200 hadi 240. Pamba tupu ni tamu kwa joto la huko, ila inarudi na kubana baada ya kufuliwa, inapauka na inataka pasi kila siku. Mkiichagua, kitambaa kiloweshwe usiku kucha na kukaushwa kabla ya kukatwa. Poliesta tupu ni ya bei nafuu na ndiyo wengi huuziwa kwa jina la pamba. Hainywi jasho. Mtoto ananuka saa nne asubuhi na si kosa lake.

Kuijua ni rahisi. Chomoa nyuzi tano sita kutoka pembeni mwa kitambaa, zisokote, zishike kwa kibano, uzichome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, jivu linapeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu usiyoweza kuiponda kwa vidole. Mchanganyiko unaungua huku ukiacha chengachenga ngumu ndani ya jivu. Muuzaji akikataa usichome nyuzi tano, umeshapata jibu.

Mashati meupe yasitiwe dawa ya madoa yenye klorini kila wiki. Wazazi wanadhani inang'arisha, kumbe ndiyo inayageuza manjano na kula uzi wa mishono. Kola ipakwe sabuni ya kipande ikiwa kavu, iachwe nusu saa, isuguliwe kwa mkono.

Viatu: andikeni "vyeusi, vilivyofungika", mkomee hapo. Raba nyeusi zihesabiwe. Soli ya gundi tupu kwenye udongo wa Kano haimalizi muhula, kwa hiyo anayenunua ngozi atafute iliyoshonwa kuzunguka. Siku za mafuriko mtoto aje na ndara na asiulizwe.

Nembo: isitariziwe moja kwa moja kwenye nguo. Itariziwe peke yake kwenye kipande cha kitambaa kizito chenye upana wa sentimita 7, pembezoni pazibwe kwa uzi. Shule iagize 600 kwa mkupuo na kuziuza kwa bei ya kununulia. Hicho ndicho kitu pekee shule inachouza. Mzazi anaishona kwa mkono juu ya mfuko wa shati, mshono wa kawaida wa hatua fupi, si gundi ya pasi, maana hiyo inabanduka mfuo wa tano. Shati likimbana mtoto, nembo inafumuliwa na kuhamia jipya. Ukitarizi moja kwa moja kwenye sweta, kitambaa kinajikunyata kuzunguka nembo kwa sababu kufuma kunavutika na uzi wa tarizi hauvutiki.

Na kile kipande cha kijivu alichosema mweka hazina: kikateni jora likiwa jipya, mkiweke kwenye bahasha ndani ya kabati. Msikibandike kwenye ubao wa matangazo. Mwezi mmoja wa jua la dirishani kimeshapauka, na mafundi wote watawashonea kijivu cha dirishani.